Poudre ya Kavira

Butembo, samedi, kisha proclamation ya matokeo ya masomo

Mais kwa nini yeye tu? Kisha kusoma matokeo, bazazi balimumwangia mwalimu Kavira poudre nyeupe ya furaha kwa kichwa, sawa vile ni yeye alishinda. Batoto bake bote balipita. Kwa darasa yangu, tisa balianguka. Hakuna muzazi alinisalimia.

Nilisemaka anagawaka points za bure. Donc leo nikamuomba kuona copies, makaratasi ya majibu ya batoto bake.

"Angalia, dada. Mwenye kuanguka ninamufundisha tena, anarudia interro, ile mutihani mudogo. Ninahesabu ile ya mwisho."

Copies ziko sawa. Hiyo ndiyo inaniuma.

Mwanafunzi wangu Kahindo alianza na zéro, akamaliza na tisa juu ya kumi. Nilijumlisha, nikagawanya kwa mbili: ine na nusu. Kwa bulletin, karatasi yake ya matokeo, niliandika: ameanguka.