Wameiondoa Programu ya Kialur

Bunia, Jumanne usiku

Chakula kimenishinda kwa kuchukizwa.

Wameiondoa. Programu yetu ya kusahihisha maandishi ya Kialur, ile ninayoitunza kwa kujitolea, haimo tena kwenye mfumo huria wa kompyuta tunaoutumia. Walibadilisha vifaa vyao vya kujengea programu, na yetu ikakataa kujengeka. Sikatai. Lakini tatizo lilikuwa mstari mmoja tu! Niliurekebisha, nikatuma, hakuna aliyefungua.

Leo mkaguzi wao ananijibu: "Haina watumiaji. Ukiitaka irudi, iombee nafasi upya kama programu mpya."

Haina watumiaji! Na Mwalimu Ukumu wa Mahagi, anayeandikia nayo watoto kitabu cha kujifunza kusoma, ni nani? Nikamupigia simu mbio.

"Mwalimu, kompyuta ikikuuliza kuhusu toleo jipya la mfumo, ukatae. Itaiondoa programu yetu."

"Weye mwenyewe uliniambia nikubali kila mara," akasema. "Nilishakubali asubuhi. Sasa iko inanisahihisha kwa Kifaransa. Kila neno la Kialur iko na mustari mwekundu chini, sawa vile luga yetu yote ni makosa."

Luga yetu yote...

Nimetuma ombi jipya. Nafikiri hata hili watalilaza miezi.

Mwalimu hangoji. Amesema kesho atachukua chaki, awaandikie watoto ubaoni, na wao wanakili.