Mpira wa Mgodini Chini ya Cheni

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mzee Andongwisye kaniletea pikipiki yake ya mwaka 81, ile ya kupandia milima. Alikuwa bwana shamba Kisiba, sasa kastaafu, anaishi huku Tukuyu. Anataka nimrudishie kama ilivyotoka kiwandani. Jumapili kuna sikukuu ya mavuno kanisani Kisiba — atashuka nayo mwenyewe, mkewe nyuma, na mkungu wa ndizi.

Nimefungua nyuma. Loo! Kile kipande cha plastiki kinachoongoza cheni isiruke hakipo. Badala yake kuna mpira mweusi, umekatwa kwenye mkanda wa kubebea makaa ya mawe mgodini Kiwira! Fundi gani huyu? Mshona viatu! Lazima ni Godwin, fundi wa ng'ambo ya barabara. Nimemwambia Mzee, aliyekufanyia hivi anyang'anywe spana. Katabasamu tu. Mpira huo umenishusha Kisiba miaka mingi, akasema, haujawahi kuniangusha. Wazee bwana! Nimeutupa kwenye kopo la skrepa.

Jumatano, 11 Juni

Spea imefika na basi la Dar. Nyeupe pee, mfuko umeandikwa 80–84. Basi.

Godwin kaja na simu yake, eti ana mchoro wa kiwandani. Eti katikati ya miaka hiyo walibadilisha: ya 81 ina mashimo matatu na mdomo mpana, hii ina mawili na mdomo wa cheni nyembamba. Eti nilinganishe kwanza na ule wa zamani. Nilinganishe na raba ya mgodini! Fundi wa simu! Nimemwambia akapige picha za harusi.

Ijumaa, 13 Juni

Mashimo hayakukutana. Yamepishana upana wa kidole. Mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma utakuwa umepinda kwa uzee. Nimechukua drili, nikatoboa mapya kwenye mkono huo. Kimekaa!

Nikizungusha tairi inasema krr, krr. Saada kaacha cherehani yake, kauliza mbona inalalamika. Nimemwambia arudi kwenye magauni ya watu, ya pikipiki aniachie mimi mumewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Jioni Mzee kaja kuichukua. "Ndaga fijo, fundi," akashukuru kwa Kinyakyusa, basi, akaondoka. Hata hakuikagua. Ananiamini.

Jumapili, 15 Juni, saa tatu asubuhi

Ukungu na manyunyu. Nimemwaga kopo la skrepa nikitafuta nati. Ule mpira ukadondoka. Sijui kwa nini nimeufuta grisi.

Mashimo matatu. Mdomo mpana. Kona zimepigwa msasa. Aliyeukata alikuwa na kipande cha asili mkononi, akapima kila kitu. Na chini yake, kwa msumari wa moto: Z.M. 2009.

Zubery Mrisho. Mimi! Enzi zile nilikuwa naweka alama kila nilichokitengeneza. Pikipiki ngapi zimepita hapa, nimesahau. Mzee hakusahau. Ndiyo maana alitabasamu, akanisitiri.

Naona aibu. Hofu ndiyo zaidi. Cheni pana kwenye mdomo mwembamba itakula ile plastiki mpaka imeguke, halafu itaruka, itakaba tairi. Kwenye mteremko wa Kisiba! Walipita hapa saa mbili, mkewe Mama Tupokigwe nyuma kakumbatia mkungu, akanipungia. Nami nikapunga, mjinga mimi, nikisikia krr, krr ikiishilia barabarani. Nimepiga simu ya Mzee mara sita. Inaita tu.

Nimevuka barabara. Nimemwomba Godwin tuwafuate. Mimi, kumwomba yeye! Hakucheka — afadhali angecheka. Kaniuliza kitu kimoja tu, kama nilitoboa. Nikasema ndiyo. Chuma kilichotobolewa hukatika, akasema, akachukua ufunguo.

Anatia mafuta pikipiki yake. Mpira ninao mfukoni, na drili, na bolti tatu. Nimepiga tena. Inaita. Godwin anapiga honi —