Chupa za Nzi Mlangoni

Jumanne, Machi 1996

Afisa wa afya amesema akikuta nzi tena Ijumaa atafunga kichinjio chetu cha kuku. Ndicho kitu pekee mume wangu aliniachia.

Nilidhani nimejitahidi. Tangu tumzike, mitego ya nzi natengeneza mwenyewe kama alivyofanya: matumbo ya kuku na sukari kidogo ndani ya chupa ya maji, inakaa juani mpaka inuke. Nikatundika chupa zote mlangoni, karibu na meza ya kunyonyolea, kwa sababu nzi wako hapo. Wakazidi.

Afisa alizitazama akatikisa kichwa. "Mama Chebet, harufu hii inawaita kutoka Bomet yote. Chambo huwekwa mbali, kule kwa shimo la taka."

Nyambura, tunayenyonyoa naye kuku, akasema, "Na vile nimekuwa nikiwafungulia mlango."

Sikuweza kucheka. Mzee wangu alikuwa akizitundika kule kwa shimo, kando ya majani chai. Miaka yote nilifikiri anaenda kupumzika mbali na kelele zetu.

Jioni nilizipeleka. Misumari yake minne bado iko kwenye nguzo, juu sana. Ilibidi nisimame juu ya ndoo.

Sidhani nzi watakuwa wamepungua kufikia Ijumaa. Hata wakipungua, sijui nitakosea nini tena. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka mambo mengine aliyokuwa akifanya mbele yangu, nami sikumuuliza sababu.