Kuhusu Neno "Kinsman" Katika Kijitabu cha Mazishi ya Baba

Mpendwa Kaka yangu,

Pokea salamu za heshima huko Nairobi uliko. Nia ya barua hii ni kupinga, kwa adabu lakini bila kuficha, neno la Kiingereza uliloniandikia katika kijitabu cha mazishi ya Baba.

Uliorodhesha watoto: wewe na dada zetu wawili. Mimi, niliyeletwa hapa Malinya nikiwa mdogo baada ya mama yangu, dada yake Baba, kufariki, uliniweka ukurasa wa mwisho pamoja na majirani: "kinsman". Nilipokupigia simu ulisema, "Usikasirike, bwana. Ni neno la zamani, la heshima. Hata kwenye Biblia ya Kiingereza limo."

Nimelitafuta katika ile kamusi isiyo na jalada uliyoniachia ulipokwenda sekondari. Maana yake ni mtu wa ukoo. Kwa hiyo hukusema uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu wa ukoo hupewa kiti na chai, kisha hurudi kwao. Mimi kwetu ni wapi, Kaka?

Unakumbuka siku tulipolala usingizi machungani, fahali wa Baba akaingia katika mahindi ya jirani? Ulimwambia Baba, "Zamu ilikuwa yake!" Alituchapa sawasawa, akasema, "Hapa sina mgeni. Nyote ni wangu." Nani humchapa mgeni?

Hata siku ya mazishi, fahali wa Baba alipoletwa kuzungushwa kaburini, ulisimama nyuma ya hema na viatu vyako vipya. Kamba ya fahali huyo, kwa desturi yetu, hushikwa na mwana wa marehemu. Wazee waliniita mimi: "Wewe, kijana wa mzee, shika!" Hakuna aliyefungua kijitabu kwanza.

Sasa vijana wa uwanja wa mapigano ya fahali hunipigia kelele njiani: "Kinsmani! Fahali wa wenyewe amekula?" Mimi hucheka nao. Nikifika nyumbani hufungua tena ile kamusi.

Fundi amekwisha kumwaga zege la kaburi. Yamebaki majina ya watoto tu, naye anangoja orodha yako Jumamosi. Sidai shamba wala fahali. Ninaomba uamuzi wako kwa maandishi: jina langu liandikwe chini ya lako, au lisiandikwe?

Ni mimi,
Mdogo wako