Mashua ya Kwendea Chukwani

Jumatano, Shaaban

Sina raha. Bwana anataka nichague mashua ya kututembeza Chukwani, katika mbili zinazouzwa, na mimi sikuziona. Wanawake wa nyumba hii hatushuki pwani, kaenda yeye na mwanetu Salma.

"Nyeupe ina mito na pazia, kama bibi harusi," kasema bwana. "Ya yule Mtumbatu, baharia wa kisiwani, inanuka mafuta ya papa."

Nikainusa kanzu ya Salma. Mafuta mapya kabisa, yale yapakwayo mashua isioze. Basi mbao zake bado zinatunzwa. Hiyo nyeupe imepakwa nini zaidi ya rangi?

"Twaa ya Mtumbatu."

"Mama yangu apande uvundo ule?"

"Ntafukiza udi, bwana."

Kacheka. Kesho anakwenda kununua, sijui ipi. Salma kanilalia mkononi. Kuogelea hajui, wala mimi.