Mitalawanda ya Shemeji Mkubwa

Nuagan, 17 Juni 1966

Mdogo wangu Daya,

Salamu nyingi, Bwana Jagannath awalinde wewe na mkeo. Kifua chako kimepona? Sisi tu wazima, ila goti la mama mkwe linamsumbua na mvua yenyewe haijanyesha.

Sikukuu ya Raja imekwisha jana. Siku tatu ardhi imepumzika, hakuna kusaga wala kutwanga, wasichana wamebembea mpaka wakaona kizunguzungu. Mimi nimejifungia na mkate wa mchele na kalamu. Hadithi ndiyo hii, ya kumi na moja. Mpelekee mhariri wa gazeti kwa toleo la sikukuu ya Durga, kwa jina lako kama kawaida.

Unajua mwaka jana Shemeji Mkubwa aliisoma ile ya kumi mbele ya kijiji kizima, kwenye nyumba ya kusomea? Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ukuta. Miaka ishirini na mbili naishi kwake, na kama desturi ya mke mbele ya kaka wa mumewe, sijamwonyesha uso wala kumpa neno, wala yeye hajanitaja jina, na yeye huyo anasoma maneno yangu kwa sauti yake ya ualimu! Alipomaliza akasema, "Huyu Dayanidhi ana akili." Nikauma ncha ya sari nisicheke.

Dada yako,
Kumudini

Kataka, 9 Julai 1966

Dada yangu,

Naigusa miguu yako kutoka huku mbali. Kifua kimepona. Mke wangu ameisoma hadithi, akalia mpaka wali ukaungua, kwa hiyo nakudai chakula cha mchana.

Sasa sikiliza. Mchapishaji anataka hadithi zote kumi na moja ziwe kitabu, kitoke Machi. Dada, nimechoka kuvaa mashada yako ya maua! Juzi mkutanoni mzee mmoja aliniuliza nimejuaje wanawake wanasemezana nini kisimani. Nikajibu, "Nina dada." Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nikatamani ardhi inimeze.

Kazi yangu ni kusahihisha chapa. Hata barua zangu mke wangu anasema hazina chumvi. Niruhusu niweke jina lako.

Mdogo wako,
Dayanidhi

Nuagan, 25 Julai 1966

Daya,

Hujambo? Sisi hatujambo, mvua imefika. Lakini wewe una wazimu?

Wimbo wa mke wa jirani ulipotolewa gazetini kwa jina lake, Shemeji Mkubwa alisema mbele ya watu: jina la mke wa nyumba hii halitavuka ukuta. Hata humu ndani sina jina, naitwa "mke mdogo" tu. Mume wangu yuko kiwandani Kalkata, nani atanitetea? Mwenye nyumba akitamka neno moja, wino hauingii tena humu. Jina naweza kuishi bila, nimeshazoea. Kuandika siwezi kuacha, nitakufa. Usiniponze.

Dada yako,
Kumudini

Nuagan, 29 Oktoba 1966

Mdogo wangu,

Natumaini mmekula vizuri sikukuu. Mimi chakula hakipiti. Daya, nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Unaikumbuka hadithi, yule mgane anayegonga mitalawanda yake ya mbao mara mbili kizingitini, kama Shemeji afanyavyo, wanawake wajifunike na kukimbia? Nikaandika kwamba tangu mkewe afe, baada ya kugonga anasimama kidogo, ananusa dengu jikoni, dengu yenye chumvi kidogo, ndipo anaingia. Na kwamba kila chumba anachoingia anakikuta watu wametoka sasa hivi, chakula bado kinafuka moshi. Mpumbavu mimi! Hilo anaweza kulijua nani, isipokuwa mtu aliyesimama nyuma ya mlango wa jikoni?

Jana jioni Shemeji alikuwa akiisoma kwenye nyumba ya kusomea. Alipofika hapo sauti ikakatika. Akafunga gazeti, akatoka bila kuaga. Tuliporudi nyumbani nimesikia mitalawanda ikigonga kizingitini. Safari hii mara moja tu.

Niombee.
Dada yako

Kataka, 20 Novemba 1966

Dada,

Hamjambo? Hii ni barua ya pili, hujajibu. Kama wamekufukuza, nyumba yangu ni yako, mke wangu ameshatandika kitanda. Mchapishaji ananisukuma nimpe jina la mwandishi, nimemwambia asubiri. Nitumie hata neno moja.

Mdogo wako

Kataka, 15 Desemba 1966

Dada, uko hai? Nakuja mwezi ujao, wapende wasipende.

Daya

Nuagan, 8 Januari 1967

Daya wangu, mdogo wangu wa pekee,

Sijambo! Sijambo kabisa! Goti la mama mkwe pia limepona, au labda amesahau kulalamika. Nisamehe kukaa kimya, niliogopa hata kugusa wino.

Shemeji hakusema lolote miezi miwili. Halafu juzi asubuhi akagonga mara mbili, akasimama uani, akaigeukia nguzo ya mlango wa jikoni, maana haruhusiwi kunisemesha mimi.

"Wewe nguzo," akasema, "mwambie aliyeko jikoni: Dayanidhi alikuja hapa mara moja tu, harusini, akamwogopa ng'ombe, hata jikoni hakufika; angejuaje ya humu ndani? Miaka kumi na moja mnanifanya mjinga."

Nikaishika nguzo upande wangu. "Nguzo, mwambie Shemeji anisamehe."

Naye: "Nguzo, muulize, nilionekana mpweke hivyo?"

"Nguzo, mwambie ndiyo."

Nikamsikia anapenga kamasi. "Basi mwambie dengu ile haikuwa na chumvi kidogo kama alivyoandika. Ilikuwa nyingi."

Jana akaenda nyumba ya kusomea, akaanza upya pale alipoachia, akamaliza. Wanaume wakaanza kumsifu Dayanidhi. Akawakatiza: "Dayanidhi gani? Aliyeandika ni Kumudini wa nyumba yangu. Niliwahi kusema jina lake halitavuka ukuta. Nilikosea." Jina langu, Daya, kwa kinywa chake, ambacho hakikupaswa kulitamka hata siku moja! Wanawake wakanirukia nyuma ya ukuta, mama mkwe akapiga vigelegele peke yake, na mimi nililia kwa furaha bila kujificha.

Kwa hiyo mwambie mchapishaji asisubiri tena. Jalada liandikwe Kumudini Mahapatra, kwa herufi kubwa, kubwa sana, maana Shemeji macho yake siku hizi hayaoni vizuri, na amesema atalisoma jalada kwanza.

Dada yako, mwandishi,
Kumudini