Jivu Ananawa Mikono

Burnt Forest,
3 Februari 2026

Mjukuu wangu Nelima,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kapsoya. Mimi sijambo, ila mguu bado unanikataza kupanda gari.

Nimesahihisha lugha ya toleo la mwisho la katuni yako hadi ukurasa wa kumi na tisa. Wa ishirini sikuweza. Shujaa wako Jivu anagusa majivu ya ghala, kama afanyavyo katika kila toleo, na sura ya aliyewasha moto inamtokea. Umemchora jirani yangu Wilson, pamoja na sikio lake lililokatika. Kila mtu hapa atamtambua. Naishi peke yangu, yeye yuko ng'ambo ya ua, na ndiye anayenikamulia ng'ombe. Uchaguzi ni mwaka ujao. Badilisha mwisho. Nakuomba, nami sijazoea kuomba.

Babu yako.

Kapsoya, Eldoret,
16 Machi 2026

Mpendwa Babu,

Salamu nyingi. Mguu unaendeleaje? Mimi mwili uko sawa.

Nilibadilisha. Jivu ananawa mikono mtoni, nguvu zinamwisha, anaenda kuolewa. Purity, rafiki yangu anayeniuzia vitabu mjini, amerudishiwa nakala tisa. Msomaji mmoja alimwambia, "Matoleo kumi na moja tunafuata moshi, mwisho mnatuletea harusi? Na hata keki hatujaona."

Hayo nitayazoea. Lakini nilikuwa na miaka saba tu Bibi alipoungua ndani ya ghala, katika fujo za uchaguzi. Nilichora sura niliyoiona nikiwa nimejificha kwenye shamba la viazi. Nilipelekwa kwa shangazi wiki ile ile, sijarudi hapo tena, na sikujua mtu yule ni nani. Jina nimelipata katika barua yako. Babu, na wewe ulimwona?

Mjukuu wako,
Nelima.

Burnt Forest,
25 Machi 2026

Nelima mwanangu,

Mungu akulinde. Mguu una nafuu.

Nilimwona. Polisi walipouliza, nilisema moshi ulikuwa mzito. Tangu wakati huo namwogopa kila asubuhi anapofungua lango langu.

Jumapili alikuja na toleo lako mkononi. Kumbe ameyanunua yote. Akaketi, akasema, "Mwalimu, hii kitabu imeniangusha. Tangu toleo la kwanza nilijua hiyo ni ghala yako, mwaka mzima nangoja sura yangu. Nilikuwa nimeambia mke wangu, ikitoka, naenda kituo mwenyewe. Sasa mnataka nifanye nini? Na mimi ninawe mikono?"

Nilimjibu kwamba hiyo ni hadithi ya watoto.

"Mwalimu, usinicheze," akasema, akaondoka.

Hajaja kukamua tangu siku hiyo. Ng'ombe wanalia. Mchana husimama kwenye ua akiitazama nyumba yangu, wala hasalimu. Sijui kama ananichukia mimi au anajichukia mwenyewe. Naogopa yote mawili. Jana nilifunga mlango kwa komeo saa saba za mchana, nikala chakula baridi nisije nikaonekana nikienda jikoni.

Nimeiharibu kazi yako kwa sababu ya woga, na woga wenyewe haukupungua hata kidogo. Leo saa nne nitavuka ua nimwambie kwamba nilimwona.

Nisipokuandikia kufikia Jumapili, usije peke yako.

Babu yako,
Mabonga.